Nyumba ya Konokono Yavuka Luapula

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri pamoja na nyumba zao. Motokaa yao ina vitanda, ina meko, ina meza ya kukunja, tena ina tangi la maji. Usiku ukiwakuta mahali, hapo ndipo nyumbani kwao. Wengi hufanya hivyo kwa kujiburudisha wakati wa likizo. Wengine ni desturi yao tangu mababu. Wajipsi hukutana kila mwaka mwezi wa Mei kule Saintes-Maries-de-la-Mer, kusini ya Ufaransa, kando ya bahari, ili kuhiji. Nao huja na nyumba zao za magurudumu, ambazo zamani zilivutwa na farasi, na leo zavutwa na injini. Mmoja wa taifa lao, Ceferino Giménez Malla, mchuuzi wa farasi, aliuawa nchini Hispania mwaka 1936, baada ya kumtetea padri na kukataa kuiacha rozari yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1997.

Habari hizo nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu katika somo la jiografia, nisidhani hata kidogo kwamba siku moja nami nitalala ndani ya motokaa, kando ya njia, pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Lakini ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Agosti 2023. Wala hatukwenda kwa anasa. Tulikwenda kuwatafuta ndugu ambao sikupata kuwaona tangu kuzaliwa kwangu. Tena, nisiwafiche wasomaji wapenzi, tulikwenda kudai mali.

Mama yangu ni Mwaushi, wa ukoo wa Bena Nsofu, yaani watu wa Tembo. Alizaliwa mwaka 1948, naye alikulia Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu mwaka 1966. Baba yake alikufa mapema. Nyanya yangu aliwalea binti zake wawili kwa cherehani moja ya kuzungusha kwa mkono: alishona nguo za watoto, alishona mapazia, alipindia vitambaa vya wake za Wazungu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba lao na ng'ombe wao. Ikaja vita ya mwaka 1961, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakipigana na askari wa Katanga ndani ya mji wenyewe, mwezi wa Septemba, na tena mwezi wa Desemba. Usiku mmoja mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyekuwa ameolewa karibuni, alikimbia na mumewe kuelekea ng'ambo ya Luapula. Kulipopambazuka, cherehani haikuwapo. Mama yangu alikuwa na miaka 13. Yaliyofuata aliyasimulia mara chache sana, na kila mara kwa maneno mawili tu: "Alituachia njaa." Nyanya alifariki mwaka 1974, na binti yake mkubwa hakuja kumzika. Tangu hapo jina la mama mkubwa halikutajwa nyumbani kwetu, hata katika sala za marehemu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alikuja katika parokia yetu sista mmoja mzaliwa wa Mansa, aliyetumwa kujifunza Kifaransa. Mama alimsikia akizungumza kwa simu nje ya kanisa, akatambua matamshi ya kwao. Wakaulizana ukoo, kama ilivyo desturi ya wazee. Yule sista aliandika barua, na Dominika fulani habari yetu ikasomwa katika matangazo baada ya Misa, kwenye parokia moja ya huko. Hazikupita wiki tatu, jibu likaja: mama mkubwa alikwisha fariki mwaka 2009, watoto wake wanne wako hai, wanaomba mama yao mdogo aende awaone.

Mama alinyamaza siku nyingi. Halafu jioni moja, nikisahihisha madaftari, akaniambia: "Baba, nitakwenda. Nitakwenda kuchukua mali ya mama yangu." Nilimwomba afikiri: miaka 62 imepita, na mwenye kosa yuko mbele ya Mungu. Akanijibu kwamba mwenye kosa yuko mbele ya Mungu, lakini cherehani haikwenda naye. Nilikwenda kwa Padri wetu nikitumaini kwamba atamzuia. Padri alicheka kidogo, akasema: "Mpeleke. Mtu huwezi kumsamehe mtu ambaye hujafika kwake." Basi nikarudi bila msaada niliouomba.

Ilibaki shida ya njia. Mshahara wa mwalimu hautoshi kulipia nyumba za wageni kwa watu sita, na mama hawezi kukaa juu ya mizigo ndani ya lori. Shemeji yangu ana Hiace ya kuchukulia abiria mjini. Alikubali kutuazima kwa wiki mbili kwa sharti kwamba viti nitavirudisha mimi mwenyewe, tena bila kupoteza skrubu hata moja. Tuling'oa viti. Seremala akatupigia vitanda viwili vya mbao, na chini yake masanduku ya nguo na unga. Mke wangu akashona mapazia ya kitenge. Nyuma tulifunga mbabula na gunia la makala, na ndani bidoni tatu za maji za lita 20. Mtoto wetu wa pili alipoona hayo yote akasema: "Tumekuwa konokono." Jina likashika.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 11, tulipokwisha kusali. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni karibu kilometa 90, na njia imejaa malori yanayopeleka shaba kusini. Kuhusu mpaka nitasema jambo moja tu kwa faida ya wanaotaka kusafiri: hati zenu na hati za motokaa ziwe tayari, na uvumilivu uwe mwingi kuliko hati. Ukivuka, ukumbuke kwamba Zambia hupita mkono wa kushoto. Usukani wa Hiace yetu uko upande wa kuume, kama motokaa nyingi zitokazo Japani; hivyo kwa mara ya kwanza nilijiona dereva aliyekaa mahali pake.

Usiku wa kwanza tulilala Mufulira, katika ua wa parokia. Ni mji wa mgodi wa shaba. Tarehe 25 Septemba 1970, wakati wa zamu ya usiku, matope yalibomoka yakaingia ndani ya mgodi, na wafanyakazi 89 wakafa. Wazee wa hapo wanaisimulia kama jambo la juzi. Tulisali fungu moja la rozari kwa ajili yao, kisha mama akajilaza juu ya kitanda cha mbao, akanung'unika kwamba seremala wetu hakumwogopa Mungu.

Jumamosi tuliingia katika njia iitwayo na Wazambia njia ya Pedicle. Ningependa kila mwanafunzi atazame ramani yake hapa. Nchi yetu ya Kongo inanyosha kama mguu ndani ya Zambia, kati ya miji ya shaba na jimbo la Luapula. Mguu huo ulichorwa katika mapatano ya mwaka 1894 kati ya Waingereza na Mfalme Leopold: mpaka unafuata mto Luapula mpaka pale unapotoka Bangweulu, kisha unashuka kusini moja kwa moja, kama uliochorwa kwa rula, hadi maji yanapogawanyika kati ya Kongo na Zambezi. Waliouchora hawakuwauliza Waushi, wala Walala, wala Walamba. Kwa hiyo Mzambia wa Mufulira akitaka kufika Mansa kwa njia fupi, hutoka katika nchi yake, hupita karibu kilometa 70 ndani ya Kongo, kisha huingia tena kwao. Na sisi Wakongo tuliotoka kwetu jana tulirudi kwetu leo, tukatoka tena jioni. Kwa kuwa Kongo hupita mkono wa kuume, ilinibidi kubadili upande mara mbili katika siku moja, huku mke wangu akinikumbusha kwa sauti kila tulipokutana na lori.

Katikati ya njia hiyo gurudumu la nyuma lilipasuka. Lile la akiba nilikuwa nalo, walakini jeki ilikuwa imebaki nyumbani kwa shemeji, chini ya viti. Watu wa kijiji cha karibu walikuja bila kuitwa. Mzee mmoja akawaagiza vijana wakate gogo, wakainua Hiace kwa mti kama watu wainuavyo paa la nyumba. Mama alishuka, akakaa juu ya bidoni, akazungumza nao Kiaushi. Nilipotaka kumlipa yule mzee, alikataa: alikwisha fahamu kwamba mama ni Mwena Nsofu, naye mkewe ni wa ukoo huo huo. Alituuliza tunakwenda wapi. Mama akamjibu: "Kwa watoto wangu." Nilimtazama. Kwa kweli, kwa desturi ya watu wake ambao ukoo hufuata upande wa mama, watoto wa dada ni watoto wa mtu mwenyewe. Ila mimi sikupata kumsikia akiwaita hivyo.

Huko Chembe tuliuvuka Luapula juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2008, nalo limepewa jina la Rais Levy Mwanawasa. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa pantoni, na foleni yake ilikuwa habari nyingine. Nilisimamisha motokaa ng'ambo, tukarudi kwa miguu kuutazama mto. Niliwaonyesha watoto kwamba maji yale yanakwenda Ziwa Mweru, kisha yanaitwa Luvua, kisha yanaingia Lualaba, na siku nyingi baadaye yanapita mbele ya Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki. Kifungua mimba wangu akatupa jani. Mama hakutazama jani. Alitazama ng'ambo tuliyotoka, mkono ukiwa juu ya chuma cha daraja, mpaka jua likaanza kumchoma.

Tulifika kijijini, upande wa mashariki ya Mansa, Dominika alasiri. Hapo naomba msomaji anivumilie nikiandika polepole.

Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe tangu asubuhi, wakitungoja. Hiace ilipozima, hakuna aliyekimbia. Walisimama wote, kisha wanawake wakapiga magoti, wakapiga makofi polepole, mikono ikiwa imekunjwa, na dada mmoja mwenye mvi, wa miaka kama 60, akaja mbele akitembea kwa magoti mpaka mlango wa motokaa. Akasema: "Mwaiseni, Mayo." Karibuni, mama yangu. Uso wake ulikuwa uso wa mama yangu, isipokuwa meno.

Wakamketisha juu ya kiti cha pekee chenye kuegemea. Wakaleta maji ya kunawa, wakaleta sahani. Mama hakunawa. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kabla sijala, nataka kujua. Cherehani ya mama yangu iko wapi?"

Mke wangu hakuelewa Kiaushi, lakini alielewa uso wangu. Makofi yakakoma. Hata kuku, naweza kusema, walinyamaza. Dada mwenye mvi hakujibu neno. Aliinuka, akaingia nyumbani, akatoka amebeba kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe, akakiweka chini mbele ya miguu ya mama, akakifungua. Rangi nyeusi ilikuwa imekwisha chubuka, na kishikio cha mbao kilikuwa kimebadilishwa. Lakini ilikuwa ile.

Ndipo dada akasema. Alisema kwamba mama yao hakuwaficha kitu. Aliwaambia wakiwa wadogo, na akarudia siku zake za mwisho, Padri alipokwisha kumpaka Mafuta Matakatifu: niliiba, niliiba kwa hofu, nikidhani mume wangu hatapata kazi nasi tutakufa njaa, mama yangu alikufa bila mimi kwa sababu nilimwonea haya. Mdogo wangu akija, msiseme kwamba nilipewa. Semeni kwamba niliiba, na mrudishieni.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa visingizio. Njiani kote nilikuwa nimetunga majibu ya kumtuliza mama endapo wangekana, au wangesema kwamba imeuzwa, au kwamba nyanya mwenyewe aliitoa. Majibu hayo yote hayakuwa na kazi tena.

Mama aliinama, akakizungusha kishikio mara moja. Sindano ikapanda ikashuka. Bado ilikuwa na uzi, uzi wa buluu, maana mjukuu mmoja wa marehemu, msichana wa miaka 19, huitumia kushonea sare za watoto wa shule. Mama akaugusa ule uzi. Akakaa kimya muda ambao mimi niliuona mrefu kama safari yenyewe. Mwishowe akasema: "Leteni chakula, watoto wana njaa." Akanawa.

Tulikula bukari, ambayo wao huiita ubwali, pamoja na samaki wa Bangweulu, na kikanda ambacho wao huita chikanda. Watoto wangu walistaajabu kuona chakula cha soko la kwetu kimefika kabla yao. Lakini shida nyingine ilijionyesha mara moja. Watoto wa huko wanajua Kibemba na Kiingereza; wangu wanajua Kiswahili na Kifaransa. Walikaa wakitazamana kama mbuzi wa vijiji viwili. Lazima niungame kosa langu: nyumbani, watoto walipomcheka Kambo wao kwa lugha yake, sikuwakemea, kwa kuwa nilitaka wapate alama nzuri za Kifaransa. Jioni ile Kambo ndiye aliyekuwa mkalimani wa wote, nao walimng'ang'ania kama wagonjwa wamng'ang'aniavyo daktari. Kisha kifungua mimba wangu akagundua jambo ambalo mimi mwalimu nilipaswa kumwonyesha zamani. Mbwa alipita, mwenzake akasema "imbwa". Akaonyesha mti, akaambiwa "umuti". Nyama ni "inama", mvua ni "imfula". Wakaanza kukimbia kijijini wakionyesha vitu kwa vidole na kupiga kelele, mpaka giza likawarudisha.

Ndugu walitaka tulale nyumbani mwao. Mama alikubali, mimi na mke wangu tukabaki ndani ya konokono, na usiku tulisikia kupitia ukuta wa nyumba sauti za wanawake wawili wazee wakizungumza, mara wakicheka, mara wakinyamaza, mpaka jogoo.

Jumatatu asubuhi mama aliniita. Nilidhani ataniambia nitafute nafasi ya cherehani kati ya vitanda. Badala yake alimwita yule msichana, akamwuliza: "Je, waweza kunishonea gauni kwa siku moja? Kesho ni sikukuu." Alitoa kitambaa alichokuwa amekiweka chini kabisa ya sanduku, kitambaa cha Wamama Wakatoliki wa parokia yetu, ambacho mimi sikujua kwamba tumesafiri nacho. Msichana alishona mchana kutwa chini ya mwembe, mama akikaa karibu, akimwonyesha jinsi nyanya alivyokuwa akipinda shingo ya nguo. Mara mbili alimfumulisha. Hakumwonea huruma hata kidogo.

Tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tulikwenda Misa Mansa, watu 14 ndani ya Hiace, jambo ambalo shemeji asilisome. Mama alivaa gauni lake. Wakati wa sala za waamini alitaja kwa sauti, kwa Kiaushi, jina la dada yake. Nililisikia kanisani kwa mara ya kwanza.

Siku mbili za mwisho ndugu walitupeleka Samfya, kando ya Ziwa Bangweulu. Mchanga ni mweupe, na ziwa halina mwisho kwa macho. Watu husema jina lake maana yake ni mahali maji yanapokutana na mbingu. Kwa wastani kina chake ni kama meta 4 tu, ila wenyeji walituonya juu ya mamba, basi watoto waliogea karibu sana, wakinung'unika. Kusini ya ziwa hilo, katika kijiji cha Chitambo, ndipo alipofariki David Livingstone tarehe 1 Mei 1873. Moyo wake ulizikwa hapo chini ya mti, na wenzake Waafrika, Susi na Chuma wakiwaongoza, waliukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, mwezi wa Februari 1874. Niliwasimulia watoto habari hiyo tukiwa tumekaa mchangani. Mama akauliza kama watu hao walilipwa vizuri. Nilimwambia kwamba sifa kubwa ilimwendea aliyebebwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua jibu.

Cherehani ilibaki kijijini. Mama hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Siku ya kuondoka aliifunga mwenyewe katika kitambaa chake cheupe, akairudisha ndani, akamwambia msichana aitie mafuta. Alitaka jambo moja tu: kwamba Noeli aende Lubumbashi kumwona.

Alikuja kweli, kwa basi, tarehe 22 Desemba, na gauni mbili za binti zangu. Ya mdogo ilikuwa kubwa kidogo, ikaongezwa upindo. Viti vya Hiace nimevirudisha, na skrubu zote zimetimia isipokuwa mbili. Mbao za vitanda zimewekwa juu ya dari ya jiko, na mke wangu amekwisha kukataa mara tatu kuzitumia kama kuni.